Mawazo Yana Mwili: Homoni ya Msongo na Siasa ya Kutotabirika

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu akisemwa kuwa “ana mawazo” hasifiwi kwa kufikiri, anahurumiwa. Sokoni Mpanda, kwenye foleni ya benki mwisho wa mwezi, kwenye karasha za wachimbaji wadogo na katika baraza za wazee, neno hilo hubeba maana ambayo wataalamu wa tiba wameiundia istilahi ndefu zaidi: msongo wa mawazo. Lugha yetu ilijua tangu zamani kwamba mawazo yanaweza kuwa maradhi. Kwa bahati mbaya, maarifa hayo ya lugha hatujayafanya kuwa maarifa ya sera. Mwenye mawazo tunamwambia ajikaze, asali, ale ashibe, alale. Akianguka kwa kiharusi tunasema ni kazi ya Mungu, na wengine wananong’ona kuwa ni kazi ya jirani.

Hoja yangu katika makala hii ina sehemu mbili. Kwanza, mawazo yana mwili: yana kemikali inayojulikana, yana njia inayofuatika, na yana dalili ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzitambua na kuzishughulikia kabla hayajamvunja. Pili, nusu ya tiba yake haiko mikononi mwa mgonjwa. Iko mikononi mwa wanaopanga bei, tarehe za malipo, masharti ya mikopo na matamko ya serikali. Anayewafundisha watu kupumua taratibu huku akinyamaza juu ya kinachowakata pumzi ametenda nusu ya kazi.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari wa tiba. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya jamii. Lakini suala hili limekaa kwenye mpaka wa fani hizo mbili, na mipaka ya namna hiyo ndiyo ambayo wanataaluma wetu huikimbia.

Homoni yenyewe ni nini?

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtu anapokabiliwa na hatari, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ujumbe kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari huiamuru adrenali. Mambo mawili hutokea. Adrenalini, kwa amri ya neva na si ya pituitari, humwagika ndani ya sekunde chache: moyo unadunda, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka. Kisha, kwa mwendo wa dakika kadhaa, hupanda homoni ya pili, kortisoli, ambayo kazi yake ni kuuhudumia mwili wakati wa dharura inayoendelea. Huongeza sukari katika damu ili misuli ipate nguvu. Huahirisha mambo yasiyo ya lazima kwa wakati huo: usagaji wa chakula, uzazi, ukuaji, na sehemu ya kazi ya kinga ya mwili.

Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani alieleza mapema katika karne iliyopita jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha taarifa fupi iliyoonesha kwamba mwili hujibu madhila ya aina nyingi kwa namna inayofanana. Mwaka 1950 Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo. Kwa hiyo hatuzungumzii mtindo wa juzi wa mitandaoni.

Wala kortisoli si adui. Bila hiyo mtu hufa. Kila siku hupanda alfajiri, hufikia kilele karibu nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka polepole hadi usiku wa manane. Ndiyo inayomwinua mkulima wa Mwese akashike jembe kabla jua halijachomoza. Imeundwa kwa ajili ya simba: simba akitokea, ipande, simba akiondoka, ishuke. Tatizo huanza pale simba anapokuwa deni, kesi ya shamba, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, au tangazo la redio ambalo hujui litasema nini kesho. Simba wa aina hiyo haondoki. Analala nawe kitandani. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na hivyo ndivyo homoni hii inavyofanya kazi inapokaa juu kwa miezi na miaka. Haiui kwa pigo moja; inabandua.

Kuitambua

Zipo dalili ambazo zikija pamoja na kudumu kwa majuma kadhaa zinastahili kuangaliwa. Usingizi unakatika saa nane au saa tisa usiku na haurudi. Mtu anaamka amechoka kama hakulala. Hasira zinakuja kwa jambo dogo, hasa kwa watoto na mwenza. Kumbukumbu inapungua: umeingia chumbani na umesahau ulichofuata. Shingo na mabega yanakaza, kichwa kinauma jioni, tumbo linajaa gesi au linaharisha bila sababu. Hamu ya vitu vitamu na vya mafuta inaongezeka, na kitambi kinakua hata kwa asiyekula sana. Mafua hayaishi. Kwa wanawake, siku zinabadilika mpangilio. Kwa wote, hamu ya tendo la ndoa inapungua. Shinikizo la damu na sukari vinapanda kimyakimya, na hapo ndipo ulipo mtego, kwa sababu mwenyewe hahisi chochote. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu. Msongo si chanzo pekee cha hali hiyo, lakini ni mmoja wa wachangiaji.

Hapa kuna tofauti muhimu ambayo wauzaji wa dawa za mitandaoni huificha. Msongo wa muda mrefu ni jambo moja. Ugonjwa wa homoni hii kuzidi kupita kiasi ni jingine. Ugonjwa huo umepewa jina la daktari mpasuaji Harvey Cushing, aliyeueleza kwa kina mwaka 1932. Dalili zake ni za wazi zaidi: uso unakuwa wa mviringo, mafuta yanajaa nyuma ya shingo na tumboni huku mikono na miguu ikikonda, michirizi mipana ya rangi ya zambarau inajitokeza tumboni, ngozi inavilia damu kwa urahisi, na mapaja yanakosa nguvu kiasi kwamba mtu anashindwa kusimama kutoka kwenye kigoda bila kujishika. Mwenye dalili hizo asitafute mazoezi ya kupumua, aende hospitali. Huko atapimwa mkojo wa saa 24, mate ya usiku, au damu baada ya kupewa kidonge maalumu. Kipimo kimoja cha damu kilichochukuliwa saa yoyote hakisemi mengi, kwa kuwa kiwango hubadilika mchana kutwa. Anayekuuzia “kipimo cha kortisoli” na chupa ya unga wa majani kwa pamoja anakuuzia hofu yako mwenyewe.

Tena, chanzo kikubwa cha hali hiyo duniani si uvimbe wala mawazo. Ni dawa za jamii ya steroidi. Jambo hili linatuhusu sana. Wapo dada zetu wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe, na wapo wanaojipaka mkorogo wenye klobetasoli ili wawe weupe. Steroidi hizo hufanya kazi ya kortisoli mwilini, nazo tezi za mwili, zikiona kazi inafanywa na mgeni, hulala. Anayezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla kwa ushauri wa jirani; kuacha ghafla kunaweza kumwangusha na hata kumuua. Apunguze chini ya uangalizi wa daktari. Na mamlaka zetu, TMDA kwa dawa na TBS kwa vipodozi, zina deni la kutufafanulia kwa nini bidhaa hizi hupatikana kirahisi hivyo kwenye maduka ya mitaani.

Ushahidi wa Afrika Mashariki

Kuna watu wanaodhani kwamba msongo ni ugonjwa wa Wazungu wenye ofisi. Tafiti zilizofanywa hapa kwetu zinasema kinyume.

Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walipima kortisoli katika mate ya wakulima maskini wa Kianyaga, nchini Kenya, na ya mafundi wa jua kali wa kazi za chuma jijini Nairobi, kisha wakalinganisha na kumbukumbu za mvua zilizotokana na picha za setilaiti. Mvua ilipokosekana, homoni ilipanda kwa wakulima baada ya siku 10 hadi 20. Iliponyesha vizuri, ilishuka. Athari ilikuwa kubwa zaidi kwa wakulima waliotegemea shamba peke yake kuliko kwa wale wenye chanzo kingine cha kipato. Soma tena matokeo hayo, ndugu msomaji. Wingu lililokataa kunyesha linaonekana katika mate ya mkulima. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba umaskini huingia mwilini.

Haushofer na Jeremy Shapiro waliendelea na utafiti mwingine huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya 2011 na 2013. Kaya maskini zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa fedha bila masharti kupitia M-Pesa. Watu walikula vizuri zaidi na walieleza kuridhika zaidi na maisha yao. Lakini kwa ujumla wa kaya zote, kiwango cha kortisoli hakikushuka. Tofauti ilijitokeza katika baadhi ya makundi tu, kama vile pale kiasi kilipokuwa kikubwa na pale fedha zilipokabidhiwa kwa mke badala ya mume. Watafiti waliripoti hayo bila kuyapamba, nami nayapenda kwa sababu hiyo. Ninavyoyasoma mimi, mdomo hushukuru upesi. Mwili husubiri uone kama kweli mambo yamebadilika. Mwili hauhongwi kwa pesa kidogo.

Ushahidi wa tatu unatoka kwa majirani zetu wa porini. Kuanzia mwaka 1978 Robert Sapolsky alifuatilia nyani wa Maasai Mara, akipima homoni zao. Katika kundi lenye madume wakali, madume wa daraja la chini walikuwa na kortisoli ya juu hata wakati wa utulivu, kwa kuwa hawakujua kofi lingetoka wapi wala lini. Katikati ya miaka ya 1980, kifua kikuu kutoka kwenye jalala la hoteli ya watalii kiliwaua madume wakali zaidi wa kundi moja, wale waliokuwa wakienda kugombania mabaki ya nyama. Waliobaki walikuwa wapole. Kundi likabadilika: wakubwa wakapunguza kuwaonea wadogo, na wadogo hawakuwa tena na dalili zilezile za msongo. Lililo zito zaidi ni kwamba miaka mingi baadaye, madume vijana waliohamia kutoka makundi mengine walijifunza upole huo. Sapolsky na Lisa Share waliyachapisha hayo mwaka 2004. Ikiwa nyani waliweza kubadili utamaduni wao wa madaraka na miili yao ikapona, binadamu mwenye katiba ana udhuru gani?

Na ili asije mtu akasema hayo ni ya nyani, tazama utafiti wa watumishi wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1967 na kuendelezwa na Michael Marmot. Hao hawakuwa maskini wa kutupwa. Wote walikuwa na ajira na wote walikuwa na huduma ya afya. Hata hivyo, matarishi na walinzi wa milango walikufa kwa kiwango cha takribani mara tatu ya wakuu wa idara. Uvutaji sigara na mafuta mwilini vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Sehemu nyingine ilihusiana na jambo ambalo halipimwi kwa mizani: uwezo wa mtu kuamua kuhusu siku yake mwenyewe.

Mpanda na kutotabirika

Sasa turudi nyumbani. Mpanda ni mji uliozaliwa na jambo la kupita. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ule ukafungwa kabla nchi haijapata Uhuru. Reli ikabaki, watu wakabaki, wakajifunza kuishi kwa mahindi, mpunga, tumbaku, asali na, baadaye, maduara ya dhahabu. Kila kimojawapo kinategemea kitu ambacho mkulima au mchimbaji hakitawali: mvua, bei, mnunuzi, leseni, mwamba.

Mvua ni ya Mungu. Lakini kuna kutotabirika kunakotengenezwa ofisini. Nitatoa mifano minne.

Wa kwanza ni mahindi. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, msimu ambao wakulima wa mikoa yenye ziada, sisi wa Katavi na wenzetu wa Rukwa tukiwamo, walikuwa wamevuna vizuri. Bei ilianguka. Baadaye marufuku ikaondolewa. Sijadili hapa kama hofu ya njaa iliyotajwa kuwa sababu ilikuwa ya kweli. Ninachouliza ni hiki: ni nani aliyehesabu gharama ya miezi ile katika miili ya waliokuwa na magunia ndani ya nyumba na ada za shule mezani? Mchumi huandika hasara kwa shilingi. Baada ya utafiti wa Kianyaga, hana budi kuiandika pia kwa usingizi na kwa shinikizo la damu. Ongeza hapo lumbesa, ambayo hukatazwa kila mwaka na kila mwaka ipo.

Wa pili ni Katumba na Mishamo. Watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 waliishi katika makazi hayo kwa miongo, wakalima, wakazaa, wakazikana. Mwaka 2007 walipewa hiari ya kurudi au kuomba uraia, na wengi mno walichagua Tanzania. Kufikia 2010 maombi ya watu wapatao 162,000, pamoja na wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, yalikuwa yamekubaliwa. Lakini uraia ule ulifungwa kwenye sharti la kuhamishiwa mikoa mingine, mpango ukakwama, na vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Kwa miaka ile ya katikati, watu wale hawakuwa wakimbizi kamili wala raia kamili. Anayesubiri kuhamishwa hapandi mwembe. Haezeki upya. Hamwahidi mtoto jambo lolote. Nchi yetu ilitenda jambo kubwa la utu ambalo mataifa tajiri yameshindwa kulitenda, na nalisifu bila kusita. Hata hivyo, namna tulivyolitenda iliwafanya wanufaika wake waishi kwa miaka kama nyani wa daraja la chini: hawajui kofi litatoka wapi.

Wa tatu ni pensheni. Kikokotoo kilibadilishwa mwaka 2018, kikasitishwa Desemba mwaka huohuo, kikaja kingine Julai 2022, kikarekebishwa tena mwaka 2024. Mwalimu aliyekuwa na miaka hamsini na tano wakati hayo yanaanza alifundisha miaka yake ya mwisho bila kujua atajenga, atalima au ataomba. Kisha tunashangaa kuona walimu wastaafu wakipatwa na kiharusi mwaka wa kwanza wa mapumziko.

Wa nne ni mikopo. Wananchi wenyewe wameipa jina ambalo hakuna daktari angeliboresha: kausha damu. Mama anakopa ili alipe mchango wa shule, anakopa tena ili alipe mkopo wa kwanza, na kila jioni anahesabu hatua za mtu anayekuja mlangoni kubeba godoro. Ya mtandaoni ni mabaya zaidi, kwa kuwa mkopeshaji huwatumia ndugu na marafiki zako ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Ni hatua njema. Lakini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018, na damu imekuwa ikikauka kwa miaka yote hiyo.

Wanaopinga

Nimesikia hoja tatu dhidi ya mtazamo huu, na zinastahili jibu.

Ya kwanza husema kwamba babu zetu waliteseka zaidi na hawakuwa na msongo. Hatujui. Hawakupimwa presha. Tunachokijua ni kwamba walikuwa na taratibu za kugawana mzigo, ngoma, jando, matanga na kazi za kulimiana, ambazo sisi tumezipunguza bila kuweka mbadala.

Ya pili husema kwamba hili ni suala la imani, na mwenye kusali haogopi. Sala hutuliza, nami sina ugomvi nayo. Lakini mwenye imani anayeumwa malaria humeza dawa. Kwa nini mwenye imani anayekosa usingizi kwa miezi mitatu aambiwe amepungukiwa na maombi?

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Husema kwamba tukiulaumu mfumo, mtu binafsi ataacha kujisaidia. Naikubali hatari hiyo. Ndiyo maana sehemu inayofuata inaanza na mtu binafsi.

Tufanye nini?

Kwa mtu mmoja mmoja, yapo mambo yasiyohitaji fedha. Lala na uamke saa zilezile, na simu ikae mbali na mto. Tembea kwa miguu angalau nusu saa, hasa asubuhi. Pombe, gongo hasa, hudanganya: huleta usingizi wa saa mbili na kuukata uliobaki. Vinywaji vya kuongeza nguvu humchapa farasi aliyekwisha kuchoka. Unapohisi kifua kinabana, vuta pumzi taratibu kupitia puani na uitoe kwa muda mrefu zaidi ya ulioivutia, kwa dakika tano. Mapigo ya moyo yatapungua. Madeni yaandike yote kwenye karatasi, kwa majina na tarehe, kwa sababu deni lisiloandikwa hukua usiku. Usikope ili kulipa mkopo mwingine kabla hujazungumza na mtu unayemwamini. Pima presha kila unapofika kituo cha afya, hata kama umempeleka mtoto. Na kama kwa majuma mawili au zaidi huzuni haiondoki, au mawazo ya kufa yanakujia, usingoje. Mwambie mtu leo na uende hospitali leo. Mficha maradhi kilio kitamuumbua.

Wanaume wenzangu nawaambia kwa namna ya pekee: kunyamaza si uanaume. Wake zetu wana vikoba, kwaya na misiba ya kulilia pamoja. Sisi tuna kilabu cha pombe, ambako kila mtu huongea na hakuna anayesema.

Kwa jamii, tunayo mfano wa karibu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza jijini Harare kuwafundisha wanawake wazee kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Kwa Kishona hali hiyo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa damu wa “mawazo” yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliopitia benchi lile walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Katavi haina wingi wa wataalamu wa akili, lakini haina upungufu wa bibi wenye hekima. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wangeweza kuanza na benchi moja katika kila kata.

Kwa dola, nina madai manne. Kwanza, kila tamko linalogusa bei ya mazao, ardhi, pensheni au makazi litolewe kwa notisi ya msimu mzima, isipokuwa dharura ya kweli, na litaje tarehe ya kumalizika kwake. Pili, fedha za kaya maskini kupitia TASAF zilipwe kwa tarehe inayojulikana na, inapowezekana, mkononi mwa mama. Malimbikizo ya madai ya walimu na wauguzi yahesabiwe kuwa suala la afya ya kazini. Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa namna ambayo ushauri nasaha utakuwa huduma ya kawaida katika zahanati, kama kupima malaria. Nchi ina Sheria ya Afya ya Akili tangu 2008. Isibaki kuwa sheria ya wagonjwa wa Mirembe peke yao. Nne, mikopo kausha damu ishitakiwe mahakamani, si kwenye mikutano ya hadhara.

Hakuna dai hata moja kati ya hayo linalohitaji mtambo wa mabilioni. Yote yanahitaji kitu kimoja, ambacho ni kumheshimu mwananchi kiasi cha kumwambia mapema kitakachompata. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayetoa tamko hajui usiku wa anayelingoja. Mbunge wetu anapokuja kuomba kura, tumuulize idadi ya madarasa na kilomita za lami, kama ilivyo desturi. Kisha tumuulize na hili: katika miaka mitano iliyopita, umetupunguzia nini tusichokijua kuhusu kesho yetu?